Auleria na Kipimo Kilichosema Sifuri

Jumatatu ile Nolasco aliposimama mlangoni mwa karakana yake na kuwatangazia watu kwamba mkono wa Auleria ndio uliomvunja mwendesha mashine Twizeyimana mkono, mimi nilikuwa dukani kwangu ng'ambo ya barabara, nafunga mikanda ya mashine mafungu mafungu. Nilisikia kila neno. Walikuwepo watu kama kumi na watano, wengi wao wa Nyakatuntu, kwao Twizeyimana, baadhi wateja wangu, wengine wamevutwa tu na makelele. Auleria alisimama katikati yao na ovaroli lake la bluu, mikono imejaa mafuta, akamkazia Nolasco macho.

"Mzee, mashine yako imeinama kichwa," alisema. "Nilikwambia mwezi wa nne."

Nolasco akawageukia watu. "Mmesikia? Kipimo cha kisasa kinasema mashine imenyooka. Mama anasema imeinama. Hapo nani mwongo?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikufungua mdomo. Na wiki ile ile, mteja wa Nyabiyonza aliponiuliza fundi wa kumchongea puli, nilimwambia apeleke Bukoba. Wala sikuwa na ushahidi wowote dhidi ya Auleria. Nilikuwa nimesikia tu yale yaliyosemwa mlangoni, nikayachukua kama yalivyo.

Mimi ni Nadhira. Nauza beringi, mikanda na vipuri hapa Kayanga, katika duka aliloanzisha babu yangu aliyehamia huku kutoka Pangani. Kwa miaka kumi na minane nimemwona Auleria kila asubuhi akifungua mlango wa karakana ile kabla ya wanaume wote. Ni mzaliwa wa Nyabiyonza, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi. Alisomea uchongaji wa vyuma chuoni Mwanza, msichana peke yake darasani, na aliporudi ndugu zake walimwuliza ataolewa na nani mwenye kutaka mke anayenuka grisi. Aliolewa, akazaa watoto wawili, mume akamfia, na grisi ikabaki pale pale. Si mtu wa maneno matamu. Ukimletea kipuri kilichochongwa ovyo na fundi mwingine atakwambia mbele za watu kwamba umetapeliwa. Wengi hawampendi kwa hilo. Lakini katika wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, mashine ya kukoboa kahawa ikikatika mhimili ulikuwa ukisikia, "Peleka kwa Auleria."

Mashine anayoitumia huitwa milingi. Chuma hufungwa juu ya meza yake, na juu ya meza kuna kichwa kizito kinachoshika kisu kinachozunguka. Kichwa hicho lazima kisimame wima kabisa juu ya meza. Kikiinama hata kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, kila tundu litakalotobolewa litatoka limelala upande, na kila uso wa chuma utatoka na ngazi ndogo ndogo. Mwenye mashine asiyejua hivi ataiona inafanya kazi vizuri tu, inavuma, inatoa chenga, mpaka vile vipande vifungwe mahali pake.

Mwezi wa nne Nolasco alihamisha karakana kutoka banda la nyuma kwenda jengo jipya la mbele. Ni hatua kama arobaini, lakini milingi haibebwi mgongoni. Auleria hakuwepo. Alikuwa kwao kwenye msiba wa shangazi yake. Aliporudi siku ya nne alikuta mashine imeshafungwa kwenye saruji mpya, imepakwa mafuta, inang'aa. Akauliza waliinyanyuaje. Kibarua mmoja akamjibu kwa furaha kabisa kwamba walipitisha mnyororo kichwani, wakaivuta juu kwa winchi ya lori.

"Kichwani?" Auleria aliuliza.

"Ndipo penye nguvu, mama."

Alikuja dukani kwangu siku hiyo hiyo, kanga ya msibani bado kiunoni. Saa yake ya kupimia, ile yenye sindano ambayo hufungwa kwenye kichwa cha mashine na kuzungushwa juu ya meza ili kuona kama kichwa kiko wima, ilikuwa imeangushwa wakati wa kuhama na sindano imevunjika. Mimi siuzi vitu hivyo. Akaenda kwa Nolasco, akamwambia asichongewe mtu kitu chochote kwenye milingi mpaka kichwa kipimwe. Nolasco ni mtu wa Muleba, amekuja huku kijana na amejenga karakana yake kwa jasho, siwezi kumnyima hilo. Lakini msimu wa kahawa ulikuwa unakaribia, na wateja walikuwa wanagonga hodi. Alimwambia Auleria avumilie wiki mbili tatu, kwa sababu mpwa wake analeta kitu cha kisasa.

Mpwa mwenyewe ni Winston, mtu wa miaka thelathini na kitu, ana stashahada ya uhandisi, alikuwa akifanya kazi ofisini Mwanza. Alifika na sanduku dogo jeusi lililotandikwa sifongo. Ndani mlikuwa na kipimo cha elektroniki: mkono mfupi wa chuma wenye miguu miwili ya kugusa meza, mmoja kushoto na mmoja kulia, sentimita ishirini kati yao, na katikati kioo kinachoandika tarakimu. Kikifungwa kichwani, kioo kinakwambia mguu upi uko juu zaidi ya mwenziwe, na kwa kiasi gani, hadi sehemu ya mia ya milimita. Kwa kweli ni kitu kizuri. Auleria mwenyewe alipokiona, uso ulimlegea. Alinawa mikono, akakishika kama anayeshika yai.

Winston alikichukua kutoka mikononi mwake. Akakifunga kwenye mashine, akashusha mpaka miguu yote miwili ikagusa meza, akabonyeza kitufe. Kioo kikaandika sifuri.

"Imenyooka kama rula," alisema, akapiga picha kwa simu.

"Umekiwekea sifuri wapi?" Auleria alimwuliza.

"Hapa hapa mezani, mama. Kinajisawazisha chenyewe. Hiyo ndiyo faida yake, hakuna haja ya kuzungusha zungusha kama ile saa yenu ya zamani."

Auleria alitaka kukijaribu mwenyewe. Nolasco akakataa. Alisema kitu kile ni cha thamani, hakitaguswa na mtu asiyekisomea, akakifungia kabatini ofisini kwake. Mtu aliyechonga chuma miaka ishirini na miwili aliambiwa hajasomea kupima.

Kazi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya kikundi cha wakulima cha Nyakatuntu, kule Kyerwa. Mashine yao ya kukoboa kahawa ilihitaji nyumba mbili mpya za beringi, yaani vile vipande vya chuma vinavyofungwa ubavuni mwa mashine, kila kimoja na tundu lake, ili beringi likae humo na mhimili upite. Auleria alichonga. Baadaye aliniambia kwamba alipopitisha kucha juu ya uso wa kipande cha kwanza aliihisi ngazi. Kisu kikipita mara mbili sambamba kwenye mashine iliyo wima, kucha haikwami. Yake ilikwama. Alisimama, akaenda mlango wa ofisi, akamwambia Nolasco.

"Kipimo kimesema nini?" Nolasco aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kimesema sifuri."

"Basi piga kazi. Hutaki, Winston atachonga."

Akarudi akachonga. Akajiambia labda ni kisu kimechoka, labda macho yake yanazeeka, labda kweli vitu vya siku hizi vinajua zaidi yake. Hilo ndilo linalomkera mpaka leo kuliko yote. Hata Nolasco hamkasirikii kiasi hicho.

Mashine ya Nyakatuntu ilikoboa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili beringi la kushoto lilipata moto, likang'ang'ania, mhimili ukakwama huku injini inasukuma. Puli ilipasuka. Mkanda ulifyatuka ukampiga Twizeyimana, mwendesha mashine, aliyekuwa amesimama anamimina kahawa juu. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili. Watu walisema alirushwa mpaka kwenye magunia, na kwamba sauti ya mfupa ilisikika juu ya sauti ya injini. Hilo la sauti sijui. Lakini mkono ulivunjika, na Nyakatuntu wakaja Kayanga na gari zima la watu wenye hasira, na ndiyo ile Jumatatu Nolasco alipotoka mlangoni akawapa jina la mtu wa kumkasirikia.

Siku iliyofuata Auleria aliondolewa kwenye milingi. Alipewa brashi, akaambiwa apake rangi mageti. Nilimwona kutoka dukani, amechuchumaa juani anapaka geti la mtu rangi ya maruni, na kila aliyepita na pikipiki akageuka kumtazama. Alipaka siku mbili. Siku ya tatu aliweka brashi ndani ya kopo, akachukua bodaboda akaenda Nyakatuntu.

Si karibu. Alifika mchana, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Twizeyimana alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kibanja chake cha migomba, mkono umefungwa plasta kuanzia begani. Mkewe, Anatolia, alikuwa anamenya ndizi. Auleria aliwasalimu. Twizeyimana hakuitikia.

"Umekuja kuangalia kazi ya mikono yako?" aliuliza.

"Ndiyo. Zile nyumba za beringi ziko wapi?"

Anatolia akasimama na kisu mkononi. "Hata pole huna, jamani waitu? Unaingia kwa watu, mgonjwa amekaa, unauliza vyuma?"

Auleria aliniambia kwamba pale alitamani ardhi immeze. Alikuwa ameifanyia mazoezi ile pole njia nzima juu ya pikipiki, na hasira ikaimeza. Akawapa pole, kwa kuchelewa, na ilisikika kama pole ya kuchelewa. Kisha Twizeyimana, bila kumtazama, akamwonyesha kwa kidevu upande wa ghala la kikundi.

Vyuma vilikuwa vimetupwa chini kwenye kona. Alivisafisha kwa ovaroli lake. Akachomeka kipande cha mhimili kilichobaki kwenye tundu, akasimamisha pembemraba yake kando, akainua vyote viwili kuelekea mwanga wa mlango. Mwanga ulipita. Chini hakuna nafasi, juu kuna nafasi, inaongezeka kadiri unavyopanda. Akaipima kwa vibapa vyake vyembamba vya kupimia upenyo: nukta nane ya milimita, kwa urefu wa sentimita ishirini. Kipande cha pili hivyo hivyo. Tundu limelala, na limelala upande ule ule.

Alirudi kwa Twizeyimana na vile vyuma mikononi.

"Nilichonga mimi," alimwambia. "Nilihisi kwa kucha kwamba kuna kosa, nikaendelea. Hilo ni langu. Lakini mashine ya kuchongea imeinama, nilisema, nikanyamazishwa."

Twizeyimana alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mkono wangu utajua tofauti?"

Auleria aliomba aondoke na vyuma, akapewa.

Alikuwa anasubiri bodaboda mlangoni mwa ghala alipomwona karani wa kikundi akipima kahawa. Karani alitumia mizani ya kisasa, ile ya tarakimu. Aliweka beseni tupu juu ya mizani, akabonyeza kitufe, mizani ikaandika sifuri. Ndipo akamimina kahawa ndani ya beseni. Auleria alikuwa ameona jambo hilo mara mia sokoni. Safari hii alisogea.

"Beseni lina uzito gani?" aliuliza.

"Halina, mama. Si unaona sifuri?"

"Uzito umekwenda wapi?"

Karani akacheka. "Haujaenda popote. Nimeiambia mizani isiuhesabu."

Auleria akaelewa hapo hapo. Winston alikuwa amefanya hivyo hivyo. Alikiweka kipimo juu ya mashine iliyoinama, akakibonyeza sifuri pale pale, yaani akakiambia kisiuhesabu ule mwinamo. Kipimo kikatii. Tangu siku hiyo kilikuwa kinasema kile kilichoambiwa kiseme, na mtu mmoja alikuwa amevunjika mkono, na yeye alikuwa anapaka mageti.

Kesho yake asubuhi aliingia dukani kwangu kabla sijamaliza kufagia. Nilimwona usoni, nikaogopa. Nikasema nililokuwa nimeshindwa kulisema kwa siku kadhaa.

"Dada Auleria, siku ile Nolasco anasema yale, nilikuwa hapa na nilinyamaza. Na nilimpeleka mteja wako Bukoba. Nisamehe."

"Nilikuona," alisema. "Ulikuwa unafunga mikanda." Halafu, kabla sijajua kama nimesamehewa au la: "Funga duka, mdogo wangu, twende. Nataka mtu mmoja mle ndani asiyekula mkononi mwa Nolasco."

Nikafunga duka.

Winston alikuwa kwenye milingi anajiandaa kusawazisha kichwa cha injini ya gari, na mwenye gari, mwalimu mmoja wa hapa Kayanga, amekaa pembeni juu ya tairi akisubiri. Nolasco alikuwa mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai. Winston hakumwamkia Auleria. Siku za nyuma alikuwa akimwamkia shikamoo, lakini tangu ile Jumatatu alikuwa ameacha.

"Mageti yameisha?" Nolasco aliuliza.

"Mzee, toa kipimo chako kabatini," Auleria alisema. "Mimi sikigusi. Winston atakifunga mwenyewe, kama alivyofunga siku ile."

"Tulishapima."

"Mpime tena. Mwalimu anasubiri kichwa cha injini yake, na injini yake ikiungua kwa kuvuja atarudi hapa. Mpime akiona."

Yule mwalimu akainuka kutoka kwenye tairi. Nolasco alimtazama, akanitazama mimi, akaona hawezi kukataa mbele yetu bila kuonekana ana jambo. Akaleta sanduku.

Winston alikifunga kipimo. Akashusha. Akabonyeza. Sifuri.

"Haya," alisema, akatandaza mikono.

"Usikizime. Usibonyeze kitu. Inua kidogo, geuza nusu mzunguko, mguu wa kulia uje kushoto, wa kushoto uende kulia. Kisha shusha tena pale pale."

"Ya nini?"

"Geuza!"

Karakana nzima iliacha kupiga nyundo. Winston akageuza, akashusha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nilikiona kioo kwa macho yangu. Kiliandika moja nukta sita sifuri.

Winston akainua haraka. Akapangusa meza kwa kitambaa. Akashusha. Moja nukta sita moja. Akasema ni betri. Akabadilisha betri, akaanza upya, sifuri upande mmoja, akageuza. Moja nukta sita sifuri.

"Kama mashine imenyooka," Auleria alisema, "ukigeuza, tarakimu haibadiliki. Sifuri inabaki sifuri. Imeinama, ndiyo maana ulichokificha upande huu kimejitokeza mara mbili upande ule. Gawa kwa mbili. Unapata ngapi?"

Mwalimu ndiye aliyejibu: "Nukta nane."

Auleria akatoa vile vyuma vya Nyakatuntu kwenye mfuko wake, akavibwaga juu ya benchi kwa kishindo. "Pimeni hivi. Mtapata nukta nane! Nimevitoa kwenye ghala ambako mtu amevunjika mkono! Miezi miwili nasema! Nimesema kwa adabu, nimekuja mlangoni kwako, Mzee, nimesimama kama mwombaji, ukaniambia kipimo kimesema!"

Nolasco aliweka kikombe chini taratibu. Nadhani alikuwa ameelewa. Ni mtu wa vyuma, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Lakini jambo la kwanza alilofanya ni kumgeukia mwalimu na kumwambia arudi kesho. La pili ni kuniambia mimi kwamba duka langu halina mtu. La tatu akamshika Auleria kiwiko.

"Mama, twende ofisini tuyazungumze. Tutarekebisha kimya kimya, hakuna haja ya..."

Auleria alichomoa mkono. "Uliponitangaza uliniita ofisini?"

"Sasa unataka nini?"

"Nenda Nyakatuntu. Waambie pale pale kwa mdomo wako. Taja jina langu kama ulivyolitaja."

"Mimi? Niende kusimama mbele ya wakulima..."

"Walikuja wakasimama mbele yako."

Nolasco akasema hatakwenda. Auleria akavua ovaroli, akabaki na gauni lake la kitenge, akalitundika lile ovaroli juu ya kichwa cha milingi, akatoka. Alipita katikati ya barabara bila kuangalia pande zote mbili, lori likapiga honi, naye akalipigia kelele lile lori.

Siku tisa milingi haikufanya kazi ya maana. Winston alijaribu kuinyoosha peke yake. Alilegeza nati zote nne kwa mpigo, na kichwa, ambacho kina uzito wa watu wawili, kikaanguka upande mmoja kikapiga meza. Kelele zilifika kwangu. Na mimi, kwa kuwa safari hii mdomo ulikuwa umefunguka, nilimsimulia kila aliyekuja kununua hata nati moja, nikimweleza habari ya beseni na mizani, na wakulima waliielewa upesi kuliko mpwa wa Nolasco. Mwalimu naye alikuwa anasimulia upande wake. Wateja wakaanza kufika karakana wanauliza, "Auleria yupo?" Wakiambiwa hayupo wanageuza.

Siku ya kumi Nolasco alikuja dukani kwangu akaniomba nikazungumze na Auleria. Nikamwambia njia ya kwenda kwao Nyabiyonza anaijua. Akaenda. Sikuwepo, lakini Auleria alinisimulia kwamba Nolasco alimkuta anakata majani makavu ya migomba, na hakuacha kukata wakati Nolasco anaongea. Nolasco alizungumza habari za msimu, habari za afya yake, habari za miaka mingi waliyofanya kazi pamoja. Alipomaliza, Auleria akamwuliza, "Jumamosi saa ngapi?"

Walikwenda Nyakatuntu Jumamosi, Nolasco, Winston na yeye, ndani ya gari la Nolasco. Mimi nilijibana nyuma, sikualikwa na mtu. Wanakikundi walikusanyika mbele ya ghala. Twizeyimana alikaa mbele, Anatolia kando yake. Nolasco alivaa koti. Alianza kwa salamu ndefu, akashukuru uongozi, akasema kwamba katika shughuli za mitambo wakati mwingine hutokea hitilafu ndogo ndogo za kiufundi ambazo...

"Sema," Auleria alisema kutoka pembeni.

"...ambazo si rahisi kuzigundua..."

"Niligundua! Sema!"

Watu wakaguna. Nolasco alifuta uso kwa leso. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema. Alisema mashine yake iliharibiwa wakati wa kuhamishwa. Alisema Auleria alimwonya, akapuuza. Alisema aliwadanganya pale mlangoni, kwa kuwa alitafuta pa kutupia lawama. Jina la Auleria alilitaja mara tatu. Winston alisimama nyuma yake, akaongeza kwamba yeye ndiye aliyeweka sifuri mahali pasipostahili, na nilimheshimu kidogo kwa hilo, maana hakuna aliyemwomba aseme. Nolasco akaahidi matibabu mpaka mwisho na nyumba mpya za beringi.

Twizeyimana hakusimama. "Nimesikia," alisema. Ilikuwa haki yake kuishia hapo. Plasta ilipotolewa wiki kadhaa baadaye, vidole viwili vya mwisho havikufunga, na havifungi hata leo. Kahawa anaichuma kwa mkono wa kushoto.

Auleria alirudi kazini Jumatatu. Wengine walisema afadhali angemwacha Nolasco akwame. Yeye aliniambia kwa ukali kwamba mashine ile ndiyo milingi pekee anayoijua katika wilaya hizi, na hawezi kuwaacha watu wa Karagwe na Kyerwa mikononi mwa mjinga kwa sababu ya maringo. Ufunguo wa kabati la kipimo aliudai, akapewa. Siku nzima alinyoosha kichwa. Alikipima kipimo kwanza, akigusisha mguu mmoja na kisha mwingine juu ya sehemu ile ile moja ya meza mpaka miguu yote miwili iseme sawa, hapo tu ndipo akakiamini. Kisha alilegeza nati kidogo, akagonga kwa nyundo ya plastiki, akasoma kioo, akakaza, akageuza, akagonga tena. Winston alishika taa. Alimwamkia asubuhi ile, na Auleria akamwitikia marahaba, kisha hakumsemesha tena mpaka jioni ila kwa maagizo.

Nyumba mpya za beringi zilifungwa Nyakatuntu mwishoni mwa wiki. Nilikwenda na mikanda kutoka dukani kwangu. Injini ilipowashwa, mhimili ulizunguka kimya, laini, na kahawa ya kwanza ikaanza kutoka bila maganda. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu akamletea Auleria kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Mwendesha mashine mpya, jamaa mmoja mwembamba aitwaye Karekezi, alikuwa ameshapanda mahali pa kumiminia, anacheka, mkanda unapita kwa kasi kando ya goti lake.

Auleria alikwenda moja kwa moja kwenye injini akaizima.

Vigelegele vikakatika. "Kuna nini tena, mama?" Karekezi aliuliza.

"Kizuizi cha kufunika mkanda kiko wapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema kilikuwepo zamani, wakakitoa kwa kuwa kinazuia kubadilisha mkanda. Mwingine akasema wakoboe kwanza, watakirudisha kesho, kahawa imerundikana na jua linakwenda.

"Shuka hapo," Auleria alimwambia Karekezi.

"Mama, tumengoja mwezi mzima..."

"Nimesema shuka!"

Alishuka. Auleria akachomoa mpini wa kuwashia injini, akakaa nao juu ya gunia la kahawa, rubisi hajaigusa, na watu wakaanza kunung'unika kwa Kinyambo kwamba mwanamke huyu hajui kufurahi. Aliwasikia wote. Alikaa hivyo mpaka wanaume wawili walipokwenda nyuma ya ghala, wakakitoa kile kizuizi chini ya mabati ya zamani, kikiwa na kutu na kimepinda, wakamletea. Akakikagua, akaweka mpini chini ya gunia, akaomba nyundo ya kukinyooshea.